Nyekundu na Buluu Ghorofa ya Tatu

Wakati ule nilikuwa nauza majiko ya umeme ya kupikia wali katika duka moja kubwa la Akihabara, ghorofa ya tatu, upande wa kushoto ukishuka kwenye ngazi za umeme. Mbele yangu, ng'ambo ya njia ya wateja, palikuwa na kaunta mbili zilizosukumwa mpaka zikagusana. Moja ilipambwa kwa karatasi nyekundu, nyingine kwa karatasi za buluu. Zote mbili ziliuza mashine za kurekodi vipindi vya televisheni na kuchezesha diski za filamu, zile mpya za picha kali, ambazo ukitazama mpira unaona hata jasho kwenye nyusi za mlinda mlango.

Diski ya Nyekundu na diski ya Buluu zililingana ukubwa, unene na mng'aro. Ukizichanganya mezani hujui ipi ni ipi. Lakini ya Nyekundu haikucheza kwenye mashine ya Buluu, na ya Buluu haikucheza kwenye mashine ya Nyekundu, kwa sababu kampuni zilizozitengeneza zilishindwa kukubaliana na kila moja ikaenda zake. Dunia nzima ilikuwa inangoja kuona nani atabaki. Wateja wetu nao walingoja. Walikuja Jumamosi, wakasimama katikati ya kaunta mbili, wakashika tama, wakaondoka na betri.

Kwenye kaunta nyekundu alisimama Bwana Kuramochi Setsuo, mwenye miaka hamsini na miwili. Hakuwa muuzaji. Alikuwa fundi wa kiwandani, na kwa miaka sita alikuwa ametengeneza lenzi inayosoma diski, kitu kisichozidi punje ya dengu. Lakini kampuni za kwetu mauzo yakilegea, mafundi hutolewa kwenye meza zao, wakavishwa kizibao cha duka, wakaambiwa wauze walichokitengeneza. Basi Bwana Kuramochi alivaa kizibao chetu cha manjano, kilichomfika juu ya kitovu, akasimama amenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Kwenye kaunta ya buluu alikuwa Bi Okunuki Minae, mwenye miaka ishirini na tisa, na huyu kuuza kulikuwa kwenye damu yake. Mteja akimwambia anaangalia tu, alimjibu, "Angalia, baba, macho hayalipiwi." Baada ya nusu saa mteja huyo alikuwa anajaza fomu ya kupelekewa mzigo nyumbani.

Siku ya kwanza Bwana Kuramochi alipokuja kujitambulisha kwangu, aliinama, akanipa kadi yake ya biashara kwa mikono miwili, akaniambia bila kuulizwa kilichomleta.

"Mkuu wangu amesema nisimame hapa mpaka mwisho wa Machi, Mama Inomata. Nyekundu ikishika, Aprili narudi kwenye meza yangu."

"Na isiposhika?"

"Meza haitakuwepo. Nitapelekwa kwenye kampuni yetu ndogo inayotunza majengo. Nitakagua balbu za lifti."

"Balbu nazo zinahitaji mtu."

"Zinahitaji," alisema. Akaitazama mikono yake kama anaiomba radhi.

Duka letu lilikuwa na kanuni moja iliyowashinda wageni wengi. Ukishavaa kizibao cha manjano, wewe ni mtu wa duka. Mteja akikuuliza kitu cha kampuni nyingine, unamjibu kama chako, na jirani yako akienda kula, unauza vyake. Wengi waliitii kanuni hii kwa mdomo. Bi Okunuki, kwa mfano, jirani yake akienda kula na mteja akauliza habari za Nyekundu, alisema, "Hii nayo ni mashine," kisha akanyamaza, akitabasamu.

Bwana Kuramochi aliitii kwa moyo wote, na hilo ndilo lililomponza. Alichukua kitabu cha maelezo cha Buluu, akakisoma kwenye treni wiki mbili, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, mpaka akakijua kuliko Bi Okunuki mwenyewe. Siku moja nilimsikia na mzee mmoja aliyekuja na mkewe.

"Tazama hapa, bwana. Diski yao imefunikwa kwa utando mwembamba sana, kwa hiyo lenzi inabidi ikae karibu mno. Sisi tulisema haiwezekani. Wao wamefanya. Ni kazi nzuri kabisa."

"Kwa hiyo hii ni bora kuliko ile nyekundu?" mke aliuliza.

"Nyekundu inadumu, na ni rahisi kuitengeneza. Hii ina nafasi kubwa zaidi. Mna vipindi vingi vya kuhifadhi?"

"Vingi sana," mzee alisema. "Huyu anarekodi kila mtu anayepika."

"Basi, kwa kweli, hii."

Wakainunua. Bi Okunuki aliporudi, Bwana Kuramochi alimkabidhi fomu kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa kuandika kwa mwandiko mbaya.

"Umeuza ngapi, mzee?"

"Tatu."

"Nimekula tambi bakuli moja na umeuza tatu?" Alizitazama fomu, kisha akanigeukia. "Mama Inomata, umesikia? Mimi nisipokuwepo ndiyo nafanya kazi vizuri."

Tangu hapo chakula chake cha mchana kikaanza kurefuka. Kikawa dakika hamsini, kikawa saa nzima. Siku moja saa tisa nilimwona anachukua tena mkoba wake.

"Si umeshakula wewe?"

"Nimeshiba kabisa," alisema. "Lakini yule bwana na binti yake pale wamekuja mara ya pili. Mimi nitawatisha. Mwache mzee aongee nao."

Nilimwambia Bwana Kuramochi waziwazi kwamba anajikata miguu. Tulikuwa kwenye chumba cha mapumziko, anamenya chungwa.

"Unataka kurudi kwenye meza yako au hutaki?"

"Nataka kuliko kitu chochote."

"Mbona unauza vya mwenzako?"

"Mteja akiniuliza ukweli nimwambie nini?"

"Mwambie, 'Hii nayo ni mashine.'"

Aliifikiria kwa makini sana. "Siwezi," alisema. "Uso wangu utaonekana."

Mwaka mpya ukafika. Tarehe nne Januari, siku ya kwanza ya kazi, makampuni yote ya mtaa hupanda kilimani hekaluni kuomba biashara ya mwaka. Sisi wa ghorofa ya tatu tulikwenda pamoja asubuhi kabla ya kufungua, pamoja na wale wa makampuni, maana kizibao ni kimoja. Watu walijaa ngazi zote. Makoti meusi, pumzi nyeupe, hakuna anayesukuma. Tulisogea kwa safu za watu sita, na mpangilio wa foleni ulimweka Bwana Kuramochi kati yangu na Bi Okunuki.

Nilijua alichokuja kuomba. Alikuwa ameniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu mtihani wa chuo ataomba kitu kwa ajili yake mwenyewe. Zamu yetu ikafika. Tukatupa sarafu, tukainama mara mbili, tukapiga makofi mawili. Kila mtu akataja moyoni jina lake na anwani yake, apate kujulikana, kisha haja yake. Bi Okunuki alimaliza haraka kama mtu anayeagiza chai. Bwana Kuramochi alikawia. Nyuma yetu watu wakaanza kukohoa kistaarabu. Midomo yake ilifunguka, ikafungika, ikafunguka. Mwishowe akainama na tukaondoka.

Chini ya ngazi tulikunywa uji mtamu wa mchele, wa moto.

"Umewachelewesha watu elfu mbili, mzee," Bi Okunuki alisema. "Umeomba nini kirefu hivyo?"

"Anwani yangu ni ndefu," alisema, akapuliza uji wake.

Kesho yake, Jumamosi, nilipokuwa napanga majiko, simu ya Bi Okunuki ililia. Aliisoma, akaiweka mfukoni, akaanza kupangusa kaunta yake ambayo ilikuwa safi. Nilijua kuna jambo, kwa sababu yule binti hapangusi. Baadaye mteja mmoja akaleta habari kwa sauti kubwa: huko Marekani kampuni kubwa ya filamu, iliyokuwa inatoa filamu zake kwa Nyekundu na kwa Buluu, imetangaza kwamba sasa itatoa kwa Buluu tu. Kila aliyejua mambo haya alielewa maana yake. Mashine bila filamu ni kasha.

Bwana Kuramochi aliinama kwa mteja yule, akamshukuru kwa habari.

Mchana alitukuta mimi na Bi Okunuki kwenye chumba cha mapumziko. Hakukaa. Alisimama mbele ya Bi Okunuki, mikono ameinyoosha mapajani.

"Bi Okunuki, nina jambo la kukiri. Nadhani ni mimi."

"Wewe nini?"

"Kilichotokea Marekani."

Bi Okunuki aliweka vijiti vyake chini. "Endelea, mzee. Hii nataka kuisikia."

"Jana pale juu nilikuwa nimejiandaa kuombea Nyekundu. Lakini wewe ulikuwa ubavuni kwangu. Kiwiko chako kilikuwa kinanigusa. Nikaona aibu. Niombe nishinde, na mtu nitakayemshinda amesimama hapo hapo anaomba? Nikashindwa. Nikakuombea wewe kazi yako iende vizuri. Nikasema mimi nitarudi kesho peke yangu."

"Na kesho yenyewe ndiyo leo."

"Ndiyo leo."

Bi Okunuki aliegemea meza. "Unajua mimi nilimwombea nani?"

"Hapana."

"Nilijiombea mwenyewe. Jina, anwani, na Buluu ishinde. Sasa fikiria, mzee. Watu wawili wamesimama pamoja, wote wanamwombea mtu mmoja. Wewe ulitegemea nini?"

Bwana Kuramochi alinigeukia. Niliona anatafuta msaada. "Na wewe, Mama Inomata?"

Sikuwa na pa kujificha. "Mimi niliombea goti langu."

"Linaendeleaje?"

"Bado linauma."

"Basi afadhali," Bi Okunuki alisema. "Ina maana si kila ombi linapita." Alimsogezea Bwana Kuramochi kiti. "Kaa ule, mzee. Hujaangusha kampuni yako kwa makofi mawili."

Alikaa. Lakini hakula. Mimi nami niliona haya. Nimezoea kusali kila asubuhi kwa muda mrefu, na wanaofahamiana nami wanajua, na siku mwenzangu alipokuwa na haja kubwa nilikuwa nimeshughulika na goti.

Tarehe kumi na tisa Februari saa kumi na moja jioni mwisho ukatangazwa. Sisi tuliuona kwenye televisheni arobaini kwa mpigo, maana ukutani kwetu zilikuwa zimepangwa arobaini, zote zinaonyesha chaneli moja. Mtangazaji alisema kampuni ya Nyekundu inaacha kutengeneza mashine hizo na kuuza kutakoma mwisho wa Machi. Bwana Sugaya, mkuu wa ghorofa yetu, mtu mwenye huruma, alikimbia na rimoti ili abadilishe chaneli, Bwana Kuramochi asione. Lakini zile televisheni zilikuwa za kampuni nane, na kila kampuni ina rimoti yake. Alifanikiwa kugeuza safu ya juu, ikawa inaonyesha mama anakaanga biringanya. Akarudi kuchukua rimoti nyingine. Safu ya pili ikawa biringanya. Chini mtangazaji bado anaendelea.

"Acha tu, Bwana Sugaya," Bwana Kuramochi alisema. "Picha inaonekana vizuri sana."

Duka letu liliamua kwamba yeyote aliyenunua Nyekundu kwetu anaweza kuirudisha na kupewa Buluu, akiongeza tofauti ya bei. Wakaweka meza ya kupokelea pembeni ya ngazi za umeme. Kampuni yake ikamwagiza Bwana Kuramochi akae pale mpaka mwisho wa Machi. Kwa hiyo mtu yule yule aliyewaambia watu nunueni ndiye aliyepokea mashine zikirudi. Alimwinamia kila mteja. Kila mashine aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akauliza habari zake kana kwamba inarudi kutoka safarini. Imekuwa ikipata joto? Imewahi kukwama? Hakuna iliyokwama. Hilo lilimfurahisha kwa sekunde moja, kisha akakumbuka.

Jumanne moja akaja Bibi Tokairin, mwenye miaka sabini na minane, anavuta kigari chenye mashine iliyofungwa kwenye kitambaa cha maua.

"Sikuja kubadilisha," alisema kabla hajafika. "Msinitolee fomu."

"Karibu, bibi. Kuna tatizo?"

"Tatizo ni ninyi. Nimesikia kwenye redio mmekata tamaa. Humu ndani nina mieleka ya mwaka mzima. Mashindano yote sita, siku kumi na tano kila moja. Kuna kijana wa kwetu Aomori, amestaafu Novemba, goti."

"Pole," nilisema mimi kutoka kwenye majiko. Goti nalijua.

"Nikiwapa hii mkanipa nyingine, mieleka yangu inahamia?"

Bwana Kuramochi alitikisa kichwa. "Hapana, bibi. Vituo vya televisheni haviruhusu. Kilichorekodiwa humu kinabaki humu."

"Ndivyo nilivyofikiri. Sasa niambie. Hii ikiharibika mwakani, nani ataitengeneza? Wewe ndiye uliyeniuzia. Ulinitazama machoni ukasema inadumu na ni rahisi kuitengeneza. Rahisi kwa nani?"

Kulikuwa na jibu rasmi, limechapwa, limebandikwa mezani: wateja wapige simu kituo cha huduma, namba hii. Bwana Kuramochi alilitazama jibu lile. Akamtazama bibi.

"Mimi," alisema. "Nitaitengeneza mimi."

"Wewe nani?"

Akatoa kadi yake ya biashara, akampa. Bibi aliisoma, akaigeuza, akairudisha.

"Andika."

Akaandika nyuma ya kadi: Mashine hii ikiharibika, nitaitengeneza mimi mwenyewe. Akatia sahihi. Bibi akaitazama sahihi, hachukui; kwetu karatasi bila mhuri si ahadi. Bwana Kuramochi akaelewa. Akatoa mhuri wake mdogo mfukoni, akaupuliza, akaugonga.

Bi Okunuki alinisogelea. "Mama Inomata," alisema taratibu, "umeona alichofanya? Ile ni kadi ya kampuni. Jina la kampuni liko juu. Na amegonga mhuri."

"Nimeona."

"Mwezi ujao anakagua balbu."

"Najua."

"Mtu mmoja tu," Bi Okunuki alisema. "Labda itapita."

Haikupita. Bibi Tokairin alikuwa kwenye kikundi cha kuimba cha mtaa wao, na pale Alhamisi waliipitisha kadi mkono kwa mkono. Jumamosi wakaja watu sita, hawakutaka kubadilisha mashine, walitaka kadi. Sasa Bwana Kuramochi angefanyaje? Amempa mmoja, atamnyimaje wa pili? Akaandika, akagonga. Jumapili wakaja kumi na moja. Wengine walikuwa wameshafika na mashine kwenye kigari wazirudishe, wakasikia, wakageuza kigari. Mmoja alitoka Chiba kwa treni mbili.

"Mzee," Bi Okunuki alimwambia, "hawa walikuwa wananunua Buluu leo. Unaniharibia meza ya kubadilishia."

"Samahani sana."

"Sisemi uache. Nakwambia tu nimeona."

Wiki ya pili ya Machi kadi zikamwishia. Na hapa ndipo mtu mwingine yeyote angeshukuru na kunyamaza. Bwana Kuramochi alipiga simu makao makuu akaomba boksi lingine.

Hebu fikiria yule karani aliyepokea. Mtu ambaye hana kitu cha kuuza, katika biashara iliyofungwa, anayeondoka mwisho wa mwezi, anaomba kadi mia moja, na anaomba zije haraka. Karani akamwuliza mkubwa wake, mkubwa akamwuliza mkubwa wake, na Jumatano Bwana Uozumi, mkuu wa idara ya Bwana Kuramochi, akashuka mwenyewe kwenye ngazi za umeme, amevaa koti la kijivu, hajatabasamu.

Bwana Sugaya aliwapa stoo ya majiko waongee faragha. Mimi nilikuwa ndani natafuta jiko la lita moja. Nilikohoa ili wajue nipo, lakini Bwana Uozumi alikuwa ameshaanza, na kutoka katikati ya maneno yake kungekuwa utovu wa adabu. Nikabaki nimeinama nyuma ya maboksi.

"Umetoa ngapi?"

"Tisini na nne."

"Zenye maandishi?"

"Zote."

"Na mhuri?"

"Ndiyo. Wangu mwenyewe."

"Kwa ruhusa ya nani, Bwana Kuramochi?"

"Sina ruhusa. Nilikosea. Niko tayari kwa lolote."

Nilisikia Bwana Uozumi anakaa juu ya boksi. Lilikuwa la jiko la bei kubwa, lakini sikusema kitu.

"Unaelewa ulichofanya? Ile si karatasi yako. Mtu akipiga simu akamtaka Kuramochi, na sisi tukasema Kuramochi yuko kwenye lifti anakagua balbu, nani amedanganya? Si wewe. Ni kampuni."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo inabidi tuzirudishe. Na kadi iliyotolewa hivyo hairudishwi kwa barua. Tutakwenda nyumba kwa nyumba. Wewe na mimi, kwa sababu mimi ndiye mkuu wako." Akaanza kusema polepole zaidi, kama mtu anayeona mlima unavyozidi kuwa mrefu kadiri anavyoukaribia. "Nyumba tisini na nne. Kila nyumba boksi la keki, na si keki za hivi hivi. Kuvua viatu, kukaa, kunywa chai, kuinama. Wako wapi hawa watu?"

"Wengi ni wa Tokyo. Saba Chiba, watano Saitama. Mmoja ni wa kisiwani, alikuja kumtembelea mwanawe."

"Kisiwa gani?"

"Kile cha kupanda meli usiku kucha."

Goti langu lilianza kuuma na sikuthubutu kulinyoosha.

"Mimi meli inanitapisha," Bwana Uozumi alisema.

"Pole sana."

"Vipuri tunalazimika kuvitunza miaka minane. Vipo, vimejaa ghala. Watu wa kuvitia tulikuwa tunapanga kukodi nje." Alipangusa uso kwa kitambaa. "Una miaka mingapi wewe?"

"Hamsini na miwili."

"Unastaafu sitini."

"Ndiyo."

Nadhani Bwana Uozumi alihesabu kitu rahisi sana mara mbili. Kisha akainuka kwenye boksi.

"Haitakuwa maabara," alisema. "Kuna chumba nyuma ya ghala. Hakina dirisha zuri. Utapewa meza, taa, na simu. Utakuwa peke yako. Hutatengeneza kitu kipya mpaka ustaafu, utatengeneza vya zamani tu."

"Meza?" Bwana Kuramochi aliuliza.

"Meza. Na usiandike kadi nyingine hata moja."

"Boksi limeshafika jana, bwana."

"Nipe mimi boksi hilo."

Walipotoka nilisubiri, kisha nikajinyoosha. Nilisema asante, kama ninavyosali asubuhi, pale pale kati ya majiko, kwa sauti.

Bi Okunuki nilipomweleza alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akaitazama kaunta nyekundu ambayo sasa ilikuwa na matangazo ya kamera. "Nani ataniuzia mchana?" alisema. Siku ya mwisho ya Machi alimpa Bwana Kuramochi bisibisi ndogo za fundi saa, seti nzima, na alipoulizwa kama alipata punguzo la bei alisema yeye ndiye anayetoa punguzo, hapewi.

Nilimpigia simu Bwana Kuramochi mwezi wa Mei kujua hali. Chumba kilikuwa kizuri, alisema. Meza ilikuwa nzuri. Taa ilikuwa nzuri sana. Nikamwuliza kazi.

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Hakuna hata moja iliyoharibika, Mama Inomata. Tulizitengeneza vizuri mno." Akaongeza, "Nimeanza kuwapigia wenye kadi kuwauliza. Bibi Tokairin amenikataza nisipige saa za mieleka."

Mashine ya kwanza ilifika Julai, na ilikuwa ya bibi huyo huyo. Alikuwa ameimwagia chai ya shayiri katika pambano la mwisho la siku, akiwa amesimama. Bwana Kuramochi alimwambia ni kazi ya dakika ishirini, asiwe na wasiwasi. Baada ya siku mbili bibi akapiga simu.

"Imekufa?"

"Hapana, bibi. Imepona tangu juzi."

"Basi mbona hairudi?"

"Naiangalia," alisema. "Naiangalia tena kidogo tu."